Karakana Niliyoihesabu kwa Masikio

Mwaka 2023, katika kiangazi cha mwezi wa Agosti, mbaazi zilipokuwa zikikaukia mashambani na vumbi jekundu likiingia hadi ndani ya kabati, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minane. Nilikuwa mjane wa miaka kumi na saba. Kwa miaka saba ya mwisho kati ya hiyo nilikuwa nikijilisha kwa kalamu, na sioni haya kusema kwamba nilijivunia jambo hilo kuliko jambo jingine lolote maishani mwangu. Ninachotaka kueleza hapa ni jinsi nilivyoogopa, kuanzia tarehe 17 Agosti hadi tarehe 2 Oktoba ya mwaka huo, kwamba kalamu hiyo itachukuliwa.

Kazi yangu ilikuwa kuhoji. Watafiti wa uchumi wanapotaka kujua jambo kuhusu biashara ndogo au ajira, hawawezi kulijua wakiwa wameketi ofisini. Ni lazima mtu atembee, aingie karakana moja baada ya nyingine, aulize maswali yale yale kwa maneno yale yale, na aandike anachojibiwa bila kuongeza wala kupunguza. Utafiti wa mwaka huo ulihusu karakana za Kitui na Makueni: mafundi wa vyuma, maseremala, washonaji, wasaga nafaka. Watafiti walitaka kujua kama mwenye karakana akipunguziwa ada ya leseni ataajiri watu zaidi, au atabaki na wale wale. Karakana ziligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lililipiwa nusu ya ada. Jingine halikulipiwa chochote. Sisi wahoji hatukuambiwa nani yuko kundi gani, ili tusije tukaona tunachotamani kuona.

Utafiti mzima, basi, ulisimama juu ya namba moja: katika kila karakana, watu wangapi wanafanya kazi. Mafunzo yetu yalifanyika Wote, kuanzia Jumatatu tarehe 24 Julai hadi Ijumaa tarehe 28, na siku mbili nzima tulizimaliza tukibishana mfanyakazi ni nani. Mke anayewapikia mafundi, ni mfanyakazi?

"Msimhesabu," alisema mhoji mmoja wa Mwingi. "Wangu akisikia amehesabiwa ataniletea barua ya mgomo."

Tulicheka. Mkufunzi hakucheka. Alituambia tusiuamini mdomo peke yake, kwa sababu mwenye karakana anaweza kuongeza watu kwa fahari au kuwapunguza kwa kuogopa kodi. Tuingie ndani, tusimame katikati, tuhesabu kwa macho, kisha ndipo tumwulize mwenyewe. Hesabu ya macho ilikuwa swali la tisa. Tulilikariri kama watoto wa darasa la kwanza.

Ijumaa hiyo, kabla ya kuondoka, tulipewa fomu ya mwisho. Ilisema: andika majina ya jamaa zako wa karibu wenye karakana katika kaunti hizi mbili. Chini yake palikuwa na mahali pa sahihi.

Nilikuwa naye mmoja. Mume wa binti yangu wa kwanza ni fundi wa vyuma, na mwaka 2020 alikuwa amehamisha karakana yake kutoka Malili kwenda Kathonzweni. Sikuwa nimeisahau habari hiyo. Lakini kwetu kuna nthoni, ile heshima yenye haya iliyopo baina ya mama na mume wa binti yake. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawashikani mikono, na jina la mmoja halitoki kinywani mwa mwingine. Familia nyingi za kanisani kwetu zimeilegeza. Nimeona harusini wakwe wakipigwa picha bega kwa bega, wakitabasamu. Mimi sikuilegeza. Mama yangu alikufa bila kulitaja jina la mume wangu. Mume wangu alipolazwa kwa mara ya mwisho, mwaka 2006, mama alisimama nje ya dirisha la wodi, akiwa ameupa ukuta mgongo, akamwombea kwa sauti ya kusikika ndani. Sikuwahi kuuona huo kuwa ushamba.

Mtu atauliza: kutaja ni kutaja na kuandika ni kuandika, mbona hukuandika tu? Hapo yanaingia masomo yangu. Mume wangu alipokufa nilikwenda kuandikisha kifo chake, na karani alikishika kidole changu gumba akakichovya kwenye wino kabla hajaniuliza kama najua kuandika. Sikujua. Nilirudi nyumbani na kidole cheusi, na nikaapa kwamba kuanzia siku hiyo sitaweka alama yangu chini ya karatasi ambayo sijaisoma mwenyewe, mstari kwa mstari. Niliingia darasa la watu wazima mwaka 2007. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya Novemba 2013, nikiwa na miaka thelathini na minane, katika chumba kimoja na wasichana walioniita shangazi. Lakini aliyesoma akiwa mtu mzima husoma kwa mdomo. Mpaka leo siwezi kusoma wala kuandika neno bila midomo yangu kulifuata. Kwangu mimi, kuliandika jina hilo ni kulitamka.

Niliandika "Hakuna". Nikatia sahihi na tarehe. Nilijiambia kwamba karakana ni nyingi na kura haiwezi kumwangukia yeye. Na hata kama ingemwangukia, wahoji tulikuwa sita.

Alhamisi tarehe 17 Agosti, tableti ilinipa karakana ya pili ya siku hiyo. Haikutaja mwenyewe, ilionyesha namba tu na maelekezo: karakana ya vyuma, Kathonzweni, barabara ya nyuma ya soko, uzio wa mabati, geti la buluu. Sikuwa nimewahi kufika kwake tangu ahame Malili, kwa sababu hiyo hiyo ya nthoni, na mafundi wa vyuma Kathonzweni ni wengi, kwa hiyo geti la buluu halikuniambia kitu. Nilikuwa nimebakisha hatua kumi hivi niliposikia mtu akikohoa ndani, kikohozi cha mara mbili na kusafisha koo, na miguu yangu ikasimama yenyewe. Nilikuwa nimekisikia kikohozi hicho siku ya kuletewa mahari ya binti yangu, kutoka chumba cha pili.

Kanuni ilikuwa wazi. Ukikuta ni jamaa yako, simama, mpigie msimamizi, atamtuma mwingine. Simu ilikuwa mkononi. Lakini kumpigia kulikuwa ni kumwambia kwamba siku ishirini zilizopita nilikuwa nimetia sahihi uongo. Niliirudisha simu kwenye mkoba, juani, saa tano ya asubuhi.

Binti yangu alitoka na ndoo tupu ya maji akanikuta nimesimama hapo.

"Mwaitu?" alisema. Ndivyo tunavyomwita mama kwetu. "Kwani umekuja? Si ungesema nipike."

"Nimekuja kikazi. Mwambie asitoke."

"Asitoke nani?"

"Unamjua."

Alicheka mpaka akaiweka ndoo chini. "Mwaitu, yule ni mtu wa kuchomelea mageti. Hali watu."

"Mwambie asitoke, na wewe ukae hapa mlangoni unisaidie."

Nikazunguka nyuma ya uzio, nikaketi kwenye jiwe kando ya tangi la maji, mabati yakiwa kati yetu. Binti yangu alisimama kwenye pengo la kona, pale aliponiona mimi na kumwona mumewe. Nilimwuliza yeye, mumewe akajibu kupitia kwake, ingawa sote watatu tulisikiana vizuri tu.

"Muulize, kwa siku saba zilizopita, ni watu wangapi wamefanya kazi hapa kwa malipo?"

"Mwambie mama yako ni watano," sauti ilisema nyuma ya bati.

"Anasema watano."

"Nimesikia. Muulize leseni yake iko wapi."

"Mwambie iko ukutani hapa. Na umwambie ile mashine yake ya kukatia malisho iko tayari, lakini hilo asiliandike."

Binti yangu alicheka tena, na nakiri kwamba nami nilicheka kidogo. Kisha tableti ikadai swali la tisa. Umeona watu wangapi wakifanya kazi?

Sikuona hata mmoja. Nilichofanya nakieleza kama kilivyokuwa. Nilifumba macho nikasikiliza. Grainda ilikuwa ikikata chuma upande wa kushoto. Nyundo ilikuwa ikigonga katikati. Mashine ya kuchomelea ilikuwa ikikaanga, inazima, inakaanga tena. Na mbali kidogo palikuwa na tupa, ikiparuza bila kupumzika. Nilihesabu mara mbili, nikaandika: wanne. Tableti iligundua kwamba wanne si watano, ikaniuliza sababu. Hapo nilikuwa na nafasi ya pili ya kusema kweli. Niliandika: "Mmoja ametoka kidogo."

Nilikuwa nikifunga fomu niliposikia viatu vyake vikija upande wa pengo. Nadhani alitaka kunisalimu kwa mbali.

"Kaa huko huko, usitoke," nilisema kwa haraka. "Nitaandika hivyo hivyo."

Tulikuwa tumefundishwa kwamba tableti hurekodi sauti kwa vipindi vifupi, na mhoji hajui ni vipindi gani. Nilikuwa nimesahau.

Siku kumi na moja baadaye, Jumatatu tarehe 28 Agosti, nilikuwa Kasikeu kwa mshonaji wa sare za shule. Msimamizi wetu alinipigia. Alikuwa kijana wa Kitui mjini, wa familia ya Kiislamu ambayo babu yao alitoka pwani kuja kufanya biashara, na ingawa mimi nilikuwa chini yake kikazi, hakuwahi kuniita kwa jina langu.

"Mama, uko wapi?"

"Kasikeu. Niko na mshonaji, nimefika swali la kumi na nne."

"Mmalize. Usianze mwingine."

"Kuna nini?"

"Nimeambiwa niichukue tableti yako, mama."

Alinikuta kando ya barabara, akasimama juani pamoja nami, akanieleza kwa upole, jambo lililoniogopesha zaidi ya kelele. Ukaguzi ulikuwa umepata mambo matatu juu ya karakana moja ya Kathonzweni. Ramani ya tableti ilionyesha nilikuwa nje ya uzio muda wote. Mkaguzi alikwenda akakuta watu watano, akaambiwa kwamba siku ile pia walikuwa watano na hakuna aliyetoka. Ua lenyewe, alisema, ni wazi kama kiganja. Mwenye macho asingeweza kumkosa mmoja. Na la tatu ni sauti.

"Sauti inasema nini?"

"Wewe unamwambia mtu asitoke, utaandika hivyo hivyo."

Nilijua neno linalofuata, kwa sababu nilikuwa nimelisoma kwenye mkataba kwa midomo yangu mwenyewe: kughushi. Mhoji akithibitika ameghushi fomu moja, fomu zake zote hutupwa. Nilikuwa nimehoji karakana sitini na tatu. Na jina la mhoji huyo hupelekwa kwa wote wanaoajiri wahoji, ili asiajiriwe tena.

"Ulikuwa umechoka, mama?" aliniuliza. "Sema tu kama ulikuwa umechoka."

"Nitasema nikiitwa," nilimjibu. Kiburi ndicho kilichosema. Nilimfungulia mkoba, akaichukua tableti yeye mwenyewe.

Nilikuwa na maelezo ambayo yangeniondolea shtaka la kughushi mara moja. Ningesema: yule ni mkwe wangu, na majibu yake ni ya kweli. Lakini sentensi hiyo hiyo ingeniingiza katika shtaka la pili, maana nilikuwa nimetia sahihi kwamba sina jamaa. Niliipindua sentensi hiyo kila upande nikitafuta namna ya kuisema nusu. Haikuwa na nusu.

Siku zile niliogopa vitu ambavyo leo ni aibu kuvitaja. Niliogopa mlio wa simu hata ikawa naiweka ndani ya debe la mahindi. Pikipiki ikipunguza mwendo karibu na boma, nilihisi barua imefika. Nilitoa vyeti vyangu kwenye sanduku la bati nikavitazama, cha darasa la nane, cha kidato cha nne, cha takwimu, kama mtu anayeaga. Jumapili tarehe 3 Septemba nilipaswa kusoma matangazo kanisani, kazi niliyoifanya kila mwezi tangu 2014. Nilimwambia mzee wa kanisa kwamba koo linauma. Tulipotoka nje, jirani yangu mmoja alinisogelea.

"Karani wetu siku hizi yuko tu nyumbani," alisema. "Au karakana zimeisha kuhesabiwa, sasa mtahesabu kuku?"

"Tuko kwenye mapumziko."

"Mapumziko matamu hayo. Na umekonda."

Jumatano iliyofuata binti yangu alipiga simu.

"Mwaitu, kuna mtu alikuja siku zile, akahesabu watu mmoja mmoja, akauliza kama wewe uliingia ndani. Baba watoto akasema hukuingia. Tulikosea?"

"Hamkukosea. Aliulizwa, akasema kweli."

"Watatutoa kwenye mpango? Maana tangu tulipiwe ile nusu ya ada, ndipo tulipoweza kumwandika yule wa tano. Yule wa rangi. Akitolewa—"

"Usiniambie," nilisema, lakini alikuwa ameshaniambia.

Niliketi kwenye kiti cha jikoni. Wa tano alikuwa mtu wa kupaka rangi. Brashi haina mlio. Siku ile yote alikuwa amechuchumaa ng'ambo ya bati, pengine hatua tatu kutoka pale nilipoketi, akipaka rangi geti la mtu, kimya kabisa. Na mtu huyo, mmoja kati ya watano, ndiye aliyeajiriwa kwa sababu ya ile ada. Watafiti walikuwa wamesafiri, wamepiga kura, wamechapisha ramani, wametufunza siku tano, ili wamwone yeye tu. Nami niliandika kwamba ametoka kidogo.

Mpaka saa hiyo nilikuwa nimeogopa kwa ajili yangu tu. Sasa niliogopa kwamba kweli nilikuwa nimefanya ubaya.

Niliitwa Kitui Jumanne tarehe 12 Septemba, saa nne. Ofisi ya utafiti ilikuwa chumba cha ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilifika saa mbili na nusu nikasimama ng'ambo ya barabara nikilitazama dirisha. Ndani walikuwa watatu: msimamizi wetu, mtafiti mkuu, ambaye alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo kutoka Nairobi, na bwana mmoja mwenye dhamana ya takwimu, aliyekuwa na kompyuta mbele yake.

Bwana yule aliwasha ile rekodi. Niliisikia sauti yangu, ya haraka, ya mtu mwenye hatia: kaa huko huko, usitoke, nitaandika hivyo hivyo.

"Ulikuwa unamwambia nani?" aliuliza.

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kiofisi, yote yakapotea.

"Mume wa binti yangu," nilisema.

Msimamizi alifumba macho. Nadhani yeye, kwa kukulia Kitui, alielewa yote kwa wakati mmoja. Wengine wawili walitazamana.

"Fomu yako inasema huna jamaa," alisema bwana wa takwimu.

"Inasema hivyo. Niliandika uongo."

"Basi na hesabu ya wanne?"

"Sikuona hata mmoja. Nilisikia wanne."

"Ulisikia?"

Nikamweleza: grainda, nyundo, mashine ya kuchomelea, tupa, kila kimoja na upande wake. Aliangalia kompyuta, akatafuta picha za mkaguzi, akazilinganisha. Vyote vinne vilikuwapo pale nilipovisema. Alianza kutabasamu, akajizuia.

"Mama, hesabu ya masikio haimo kwenye mwongozo."

"Najua. Swali la tisa linasema macho."

Nikawaeleza nthoni, na midomo yangu inayosoma kwa kutamka, na "Hakuna" niliyoiandika, na ile sababu ya mmoja kutoka kidogo ambayo niliitunga bila kuambiwa na mtu. Niliwaambia pia kwamba sasa najua karakana ile iko kundi gani, kwa sababu nimeambiwa kwenye simu, na kwamba wenyewe hawana kosa lolote.

Mtafiti mkuu alikuwa ameacha kuandika. "Yule aliyekosekana," alisema akizitazama picha za mkaguzi, "ni huyu anayepaka rangi?"

"Ndiye mpya. Ndiye wa baada ya ada."

Alimgeukia mwenzake. "Wapya ndio hupewa kazi zisizo na kelele. Kufagia, kupaka rangi, kupiga msasa. Mtu akihesabu kwa kusikia, kosa lake halitaangukia mtu yeyote tu. Atamkosa yule yule tunayemtafuta, kila mara." Kisha akamwuliza msimamizi: "Wahoji wengine wana wakwe?"

"Wote wana wakwe," alisema msimamizi. "Huku kila mtu ni mkwe wa mtu."

"Na wakiwakuta kwenye orodha hufanya nini?"

Bwana wa takwimu alianza kupekua fomu zilizoandikwa kwamba mwenye karakana hakupatikana, akitazama nani aliziandika na wapi, kama ni kwa wakwe waliokwepwa. Hakuna aliyeniangalia tena kwa dakika kadhaa. Nilidhani nimesahauliwa, na nikaogopa kukohoa.

Mwishoni mtafiti mkuu aliniambia kwamba hawawezi kuamua siku hiyo. Mkaguzi angerudia karakana kumi na mbili kati ya sitini na mbili zangu nyingine, bila mimi kujua zipi. Zikiwa sawa, zitabaki. Zikiwa na kasoro, zote zitaondoka nami nitaondoka nazo.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko za kwanza. Kabla ya hapo niliogopa uongo wangu mmoja. Sasa niliogopa ukweli wangu wote. Nilizipitia karakana zile kichwani, asubuhi nikipura mbaazi, mchana nikichota maji. Yule seremala wa Malili, je, kulikuwa na mtu juu ya paa? Yule msaga nafaka aliyenipa kiti, je, niliingia chumba cha nyuma au niliamini mlango tu? Nilikuwa mwangalifu maisha yangu yote, na sasa sikuweza kuapa hata kwa karakana moja. Sikumwambia mtu yeyote. Binti yangu alipopiga simu nilimwuliza kuhusu mvua.

Jumatatu tarehe 2 Oktoba 2023, saa tano na robo, niliketi tena kwenye chumba kile cha Kitui. Mtafiti mkuu alinipa barua ya kurasa mbili akaniambia niisome kwa nafasi yangu. Sikuogopa midomo yangu mbele yao. Niliiacha ifuate maneno. Barua ilisema kwamba karakana kumi na mbili zilirudiwa, na hesabu zangu zilikuwa sahihi. Ilisema kwamba sikupatikana na kosa la kughushi. Ilisema kwamba nilipatikana na kosa la kuficha jamaa na kosa la kutunga sababu. Kwamba mahojiano yale ya Kathonzweni yamefutwa na yatarudiwa na mhoji mwingine, bila karakana kuondolewa kwenye kundi lake. Kwamba onyo litakaa kwenye faili langu. Na kwamba kazi iliyobaki ningeifanya Kitui peke yake, si Makueni. Ilisema pia kwamba kuanzia siku hiyo kila mhoji ataonyeshwa orodha ya karakana kabla ya kupangiwa, na ataruhusiwa kuweka alama ya X kwenye zile asizoweza kuingia, bila kueleza wala kutaja mtu.

Niliisoma mara mbili. Tableti yangu ilikuwa mezani, imechajiwa.

"Kuna jambo moja limebaki," alisema mtafiti mkuu. Alinisogezea ile fomu ya Julai, nakala mpya. "Lazima faili iwe na tamko sahihi. Jina la jamaa, uhusiano, mahali. Bila hiyo barua haiwezi kufungwa. Samahani, mama."

Niliishika kalamu. Niliandika mahali: Kathonzweni. Niliandika uhusiano: mume wa binti yangu wa kwanza. Kisha kalamu ilisimama pale pale iliposimama Wote, na woga ule wote ukanirudia, kwamba baada ya wiki saba nitashindwa kwa mstari mmoja.

Msimamizi alinyoosha mkono. "Nipe, mama. Angalia dirishani."

Niliangalia dirishani. Chini, mtu alikuwa akipakia mabati kwenye mkokoteni. Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi, kisha ikatulia, kisha fomu ikarudishwa mbele yangu. Niliweka kiganja cha mkono wa kushoto juu ya mstari wa kwanza, ule wa jina. Niliusoma wa pili, nikausoma wa tatu, nikayasoma maneno yote yaliyochapishwa chini yake hadi nukta ya mwisho. Kisha nilitia sahihi yangu, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2006, chini ya karatasi ambayo sikuwa nimeisoma yote.